Bakuli la Memsab na Kikapu Chako, Mama

Mama yangu, wewe uliyelala nyuma ya kanisa la mabati kule Ziwa,

Najua barua haziendi huko uliko. Hata ungekuwa hai ungempa dada Rebeka akusomee, maana ulikuwa unasema herufi ndogondogo zinakuumiza macho. Lakini nimekwama, Mama. Tangu utotoni nikikwama nilikuwa nakuja jikoni kwako, nakaa juu ya kile kigogo karibu na kuni, nawe unaendelea kusonga ugali bila kuniangalia mpaka niseme mwenyewe. Basi leo pia nimekaa. Usiniangalie. Songa tu.

Niko Uingereza. Nilifika wakati majani ya miti yanageuka rangi na kuanguka, nikadhani miti yote ya mji huu imeshikwa na ugonjwa. Niliisikitikia kweli, tena nikaokota majani kadhaa nikaanza kuyachunguza, mpaka mama mwenye nyumba ninamopanga akaniambia ndivyo ilivyo kila mwaka. Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza, na mpaka leo sijaona mwisho wake.

Nimekuja kusoma shahada ya pili ya sayansi, upande wa magonjwa ya mimea. Wenyewe wanaiita shahada ya kufundishwa, kuitofautisha na ile ya mtu kujifungia na utafiti wake peke yake. Nilipoyaona maneno hayo kwenye karatasi ya kuniita nilifurahi. Nikasema, vizuri, nitafundishwa, na kufundishwa ndiyo kazi ninayoiweza. Wewe unajua. Ni nani aliyesimama mbele ya kanisa akaisema zaburi ndefu kuliko zote tulizofundishwa, bila kuruka neno, mpaka ukapiga vigelegele mzee wa kanisa akakuomba utulie? Shule ya misheni ilikuwa hivyohivyo. Mwalimu anasema, nasi tunasema. Aliyerudisha maneno ya mwalimu yakiwa mazima ndiye aliyekuwa wa kwanza, na wa kwanza mara nyingi alikuwa mimi. Chuoni Kampala nako nilipita kwa njia hiyo.

Kumbe huku kufundishwa kwenyewe ni kidogo tu. Mzee anakuja, anazungumza kwa muda, anatuachia orodha ya vitabu virefu, halafu anasema tusivisome vyote. Sasa ameviandika vya nini? Darasani hatukai kutazama ubao. Tunakaa kuizunguka meza kama watu wanaogawana nyama. Huyo mzee ndiye Profesa wetu, mtu mrefu, nywele nyeupe, sweta imetoboka kwenye viwiko vyote viwili. Ungekuwa hapa ungemvua uitie uzi kabla hajasema habari ya asubuhi. Siku ya kwanza alituambia tutumie mwaka huu vizuri, kwamba maabara iko wazi, maktaba iko wazi, na mlango wake uko wazi. Mpaka hapo nilimwelewa. Kisha akasema, "Nendeni mkasome nilichoandika, mrudi kuniambia nimekosea wapi."

Mama, nilidhani ni mtego. Kwetu mzee akikuuliza amekosea wapi, anataka kujua wewe umelelewa wapi.

Ninasoma na msichana mmoja kutoka Uskoti, anaitwa Margaret, baba yake ni mkulima. Wiki ya pili alimtazama Profesa machoni, akamwambia, "Sikubaliani na wewe hata kidogo." Nilishika ukingo wa meza. Nikasubiri mbingu ishuke, au angalau afukuzwe darasani. Profesa alicheka kwa furaha, akavuta kiti karibu, wakabishana mpaka kengele ikalia. Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe, Bwana Eliya, unaonaje?"

Nikayatazama mafundo ya meza. Nikasema, "Naona kama ulivyosema, bwana."

Hakufurahi. Niliona uso wake unavyozimika, nikashindwa kuelewa nimemkosea nini, maana nilimpa heshima yote niliyokuwa nayo. Si ndivyo ulivyonifundisha? Tulipokuwa kambini kule shamba la mzungu, wazee wakija kumtembelea baba, ulikuwa unanipitisha na maji ya kunawa na kunikumbusha kwa sauti ya chini, "Mkubwa akiongea, wewe nyamaza. Macho chini." Niliweza kuwajua wageni wote kwa miguu yao. Huku mtu anayetazama chini wanadhani anaficha kitu, au hakuelewa, au amelala. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa. Na aliyefunzwa na mamaye vizuri, kisha ulimwengu ukamwambia sivyo, huyo afuate nani? Hilo wahenga hawakuliachia jibu, au waliliachia nami sikulifikia.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Mwisho wa muhula huu wa kwanza Profesa anaamua nani anaendelea na shahada na nani anashushwa kwenye diploma na kurudi kwao mapema. Anaamua kwa kusoma insha zetu mbili. Mimi, Mama, nilisindikizwa mpaka stesheni ya Eldoret na kanisa zima. Watu walitembea kwa miguu kutoka Ziwa na viatu mkononi, wakavivaa karibu na mjini ili wasionekane na vumbi. Waliimba mpaka Mhindi wa duka la vitambaa akatoka kuuliza ni nani amekufa. Rebeka akamjibu, "Hakuna mtu amekufa, ni ndugu yangu anaenda kusoma ugonjwa ya ngano." Alisema kwa kiburi kiasi kwamba yule Mhindi alinipa mkono. Nikirudi kabla ya wakati, nikishuka kwenye gari moshi lilelile, nitamwambia Rebeka nini?

Insha ya kwanza niliiandika kwa uangalifu wote. Ilikuwa juu ya kutu ya ngano, ule ugonjwa unaolifanya shina kuwa na vumbi jekundu kama chuma kilichonyeshewa. Nilichukua kitabu cha Profesa mwenyewe nikakishika kichwani, nikamwandikia mambo yake yote kwa mwandiko wangu wa misheni, herufi zimesimama wima, hakuna hata doa la wino. Hata mifano niliweka ileile yake. Niliikabidhi nikiwa na amani kabisa, kama siku ile ya zaburi.

Ilirudi bila alama ya maana. Chini kabisa aliandika kwa kalamu nyekundu: "Haya ni yangu. Yako yako wapi?"

Nilikaa na ile karatasi nikihisi aibu na hasira kwa pamoja, bila kujua ni ipi ya kushughulikia kwanza. Yangu? Mimi nina nini? Mtu ametoka kambi ya maskwota, vibarua waishio shambani mwa mzungu, amevuka bahari kuja kuchota, halafu mwenye kisima anamwuliza maji yako yako wapi. Nilitaka kumwendea nimwambie, mzee, kama ningekuwa nayo yangu ningebaki kwetu. Sikumwendea, bila shaka. Nilitazama chini kama kawaida yangu.

Halafu macho yangu yakaangukia kikapu chako.

Kipo hapa dirishani, kile kidogo chenye kifuniko, ulichoniwekea kuku na viazi vitamu siku nilipokwenda Kampala kwa mara ya mwisho ukiwa hai. Nilikusudia kukirudisha wakati wa likizo, na leso mpya ndani yake. Leso nilinunua. Kabla likizo haijafika ikaja simu ya maandishi kutoka Eldoret, na nilipofika nilikukuta umeshavishwa kwa maziko. Leso nikampa Rebeka. Kikapu nikabaki nacho, kwa sababu nilijua sheria yako na sikuweza kukiweka kitupu mbele ya kaburi.

Sheria yako, Mama. Nilikuwa nimeisahau kama mtu anavyosahau kwamba anapumua. Jirani akileta kitu kwa sahani, sahani hairudi hivihivi. Mama Naftali akileta maharagwe, ungo wake unarudi na mboga za kunde. Akileta unga, debe lake linarudi na vijiti vya kuwashia moto, kama hakuna kingine. Siku moja hapakuwa na kitu kabisa nyumbani, ukanituma nikachume maua ya njano kule kando ya mto, ukaweka kwenye sufuria ya watu. Nilisema watatucheka. Ukaniambia, "Wacheke. Lakini chombo ya mtu hairudi tupu."

Na kwa sheria hiyo ulitaka kutufukuzisha shambani. Unakumbuka? Najua unakumbuka, hata huko.

Nilikuwa mgonjwa wa kifua, na ugonjwa ukaenda siku nyingi. Memsab, mke wa mwenye shamba, akasikia kutoka kwa Mzee Yohana mpishi wake. Akatuma supu kwa bakuli zito jeupe lenye maua ya buluu pembeni. Supu ilikuwa haina chumvi, lakini niliimaliza, na nilipoanza kupona wewe ulianza kulitazama lile bakuli. Liliwekwa juu ya kabati limefunikwa kitambaa, na kila ukipita unasema, "Chombo ya watu imelala kwetu." Ukawa kama mtu mwenye mgeni asiyejua atampikia nini.

Kisha mjomba akaja kutoka Maragoli. Alituletea kumbikumbi, wale wa mvua ya kwanza, waliokaushwa vizuri na kupepetwa mabawa. Kule kwetu juu penye baridi kumbikumbi wa namna hiyo hawapatikani, na sisi watoto tulipoona mfuko tulianza kugombana kabla haujafunguliwa. Ukatupiga marufuku wote. Ukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, ukawatia chumvi, ukajaza bakuli la Memsab mpaka juu. Ukavaa gauni lako jeupe la kanisani. Ukanishika mkono, mimi niliyeponywa na supu, ili anione, tukapita njia ya nyuma mpaka mlango wa jikoni kwake.

Memsab alitoka akitabasamu. Akakifunua kitambaa. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile ikitoka kwa mtu mzima. "Dudu! Nini hii? Wewe taka kuua mimi?" Mbwa wakaanza kubweka, Mzee Yohana akatokea na mwiko mkononi. Wewe umesimama umenyoosha bakuli, unasema polepole, "Ni asante, Memsab. Ni asante ya supu." Naye anasukuma mkono wako: "Peleka! Peleka yote!"

Tukarudi nayo yote. Njiani wewe ulibeba bakuli, nami nilibeba kitambaa. Jioni nyapara akaja kutuonya kwamba mama huyu asionekane tena karibu na nyumba ya bwana, na kwamba tushukuru bwana mwenyewe hakuwepo. Baba akakaa na kofia magotini. Nyapara alipoondoka ukatugawia kumbikumbi, na mimi nikala huku nalia, kwa sababu walikuwa watamu sana na kwa sababu niliona umeaibishwa. Hayo mawili sijawahi kuyatenganisha mpaka leo.

Ningekuwa wewe ningelizika lile bakuli. Wewe ulilisugua kwa majivu, ukangoja siku chache, ukaweka mayai ndani, ukampa Mzee Yohana alipeleke. Mayai yalipokelewa, na shambani tukabaki. Nikakuuliza, kwa hasira ya kitoto, kwa nini hukuweka mayai tangu mwanzo, tungepona. Ulikuwa unapepeta mahindi. Hukuacha kupepeta.

"Mayai anayo," ulisema. "Kumbikumbi hana."

Mama, nimekuwa nikiigeuza hiyo sentensi tangu insha ile iliporudi. Nimeipeleka maktaba, nimeipeleka maabara, nimetembea nayo kando ya mto wao ambao hauna tope. Maana ni kweli nilimrudishia Profesa mayai yake. Tena si mayai tu, nilimrudishia supu yake ileile, baridi, kwenye bakuli lililosuguliwa vizuri. Lakini nikiweka kumbikumbi je? Sijausahau ule ukelele. Wewe ulijua kutoa, sawa, lakini mimi ndiye niliyeona mkono wako ukisukumwa. Yaani unaniambia nirudie? Na yule mama mwingine aliye ndani yako, yule wa maji ya kunawa na macho chini, mbona yeye hasemi kitu sasa? Mlikuwa wawili, Mama, na mimi sikuwahi kujua ni lini anayezungumza ni nani.

Na kumbikumbi wangu ni nini, ndilo swali lililonikosesha raha zaidi. Nilikaa maabara nikitazama kutu ya ngano kwa hadubini. Chembe zake kwa hadubini ni nzuri, Mungu anisamehe, zina miba midogo kama matunda fulani ya mwituni. Profesa alikuwa ametufundisha kwamba shamba likishavunwa, ugonjwa unakosa pa kukaa, na baridi ya huku inaumaliza, kisha mwaka mwingine unaanza upya kwa njia yake. Ndivyo kitabu kinavyosema, nami nilikuwa nimekiandika hivyo bila kusita. Nikaona vidole vyangu vimeshika ule wekundu. Nikakumbuka gauni lako.

Gauni lilelile jeupe. Ilikuwa kiangazi, tunatoka kanisani, na ngano yote ya bwana ilikuwa imeshavunwa na kupelekwa. Tulipita ile njia ya magari ya maksai, ambako punje humwagika na kuota zenyewe pembeni, hakuna aliyezipanda wala atakayezivuna. Zilikuwa kijani bado, zimefika magotini. Wewe ulipita katikati yake ukiwakimbia ng'ombe, na ulipotoka upande wa pili pindo lote lilikuwa jekundu. Ulikasirika kweli. "Hii ngano hata ikivunwa bado inachafua mtu!" Ulilifua gauni hilo ukilalamika mpaka jua likazama, na sisi tukacheka kwa siri.

Sisi hatuna theluji, Mama. Pale kwetu hakuna baridi ya kuua kitu. Kama kutu ilikuwa kwenye pindo lako wakati mashamba yote ni mabua matupu, basi ilikuwa haijalala. Ilikuwa inakaa pale njiani, kwenye ngano ya kujiotea, ikingoja watu wapande tena. Sikuwa na uhakika. Pengine lilikuwa vumbi jingine, pengine nakumbuka vibaya, pengine mtu akitamani nyumbani huona kila kitu kina maana. Nilikuwa na gauni moja tu la ushahidi, na mvaaji hayupo.

Nilimwambia Margaret kwanza. Alisikiliza, akasema, "Utaweka gauni la mama yako kwenye insha ya sayansi?" Sikujua kama anacheka au anashangaa. Halafu akasema, "Usipoweka, nitaweka mimi." Ndipo nikajua lazima niandike upesi.

Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Mara ya kwanza nilianza kwa kuomba radhi ukurasa mzima, nikautupa. Mwishowe niliandika kwamba kitabu cha Profesa, ukurasa fulani, huenda ni kweli kwa nchi yake, lakini kwa uwanda wetu wa Uasin Gishu nina shaka, na sababu zangu ni hizi. Kuandika "nina shaka" kulinitoa jasho kwenye chumba chenye baridi. Nikaeleza njia ya maksai, punje zilizomwagika, mwezi wenyewe, na pindo la gauni. Nikaeleza pia nisichokijua, na hicho kilikuwa kingi. Nikaikabidhi nikiwa nimeinyoosha kwa mikono miwili, kama wewe mlangoni pale, na nikasubiri mbwa.

Jana asubuhi aliniita chumbani kwake. Insha ilikuwa mezani na wino mwekundu kila mahali, hakuna ukurasa uliopona. Nikajua basi, ni diploma, ni stesheni ya Eldoret. Akanionyesha kiti. Akaniuliza maswali kwa muda mrefu: njia ile ina upana gani, mvua inakoma lini, ng'ombe huila hiyo ngano, kuna mtu kule anayeweza kukausha majani na kuyatuma kwa posta. Nikasema yupo dada yangu. Nilijibu huku nikitazama chini, na yeye, sijui nani alimwambia, safari hii hakujali. Alivua miwani.

"Lile doa," akasema, "lilitoka?"

Sikulitegemea swali hilo, Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hadubini na majira na vitabu. Nikamwambia lilitoka, isipokuwa kidogo kwenye upindo, mahali maji hayafiki vizuri. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nililiona mara ya mwisho nilipokuja kukuaga, kwa sababu ndilo ulilozikwa nalo, na mimi nilisimama upande wa miguu.

Alivaa tena miwani yake. Baada ya hapo akasema nitaendelea na shahada, na kwamba utafiti wangu wa mwisho utakuwa juu ya ngano ya kujiotea ya kwetu, na kwamba huenda nimekosea kabisa, tutaona. Alisema "huenda umekosea" kwa uso uleule wa furaha aliokuwa nao siku Margaret alipompinga. Nikatoka. Nilipofika uani nikagundua nimesahau kumshukuru, nikarudi, nikagonga, nikasema asante, nikatoka tena na kugonga kichwa kwenye mlango.

Ungedhani sasa nimefurahi. Nimefurahi, ndiyo. Lakini kichwa kimezidi kuzunguka. Sijui kama nilimheshimu au nilimvunjia heshima. Sijui kama wazee wa kanisa letu wangenisikia wangepiga makofi au wangeniombea. Kesho nitarudi kwenye ile meza, na akiniuliza naonaje, sijui kama macho yatapanda au yatashuka. Nimemwandikia Rebeka apite njia ya maksai achume majani, na nina hakika atawaambia watu wote sokoni Ziwa kwamba serikali ya Uingereza inataka magugu. Na kila nikitaka kukimbia jikoni kukueleza haya yote, nakumbuka kwamba jiko halipo, na nimekaa juu ya kitanda cha watu.

Kumebaki hiki kikapu chako. Profesa nimemrudishia chake, na ndani kilikuwa na kitu. Wewe bado. Nimetembea madukani nikitafuta cha kukuwekea. Leso, umeshapewa mbinguni mavazi mazuri zaidi, wanasema. Sukari, chai, sabuni ya kunukia, vyote nimevishika nikavirudisha. Nimejaribu kufuata sheria yako mwenyewe: usimpe mtu alichonacho, mpe asichonacho. Nikajiuliza, huko uliko, pamoja na baba, na mjomba, na Mama Naftali aliyekutangulia, katika raha tunayohubiriwa kila Jumapili, ni kitu gani huna?

Nikafikiri, nikafikiri, nikaona labda ni mimi tu.

Basi usiwe na haraka, Mama. Kikapu kikae kwanza hapa dirishani.

Mimi kitindamimba wako,
yule wa supu isiyo na chumvi.